Kanda ya Babu Kizibo

Tangu mdogo wake azikwe, mpiga pasi hakuwa ametoa hata chozi moja. Watu waliliona hilo. Msibani watu wana macho, na wengine huja na macho tu, mikono wameiacha kwao. Walimwona akichota maji, akipanga viti, akikunja mashuka ya wageni pembe kwa pembe kama yuko kazini, uso mkavu, na mashangazi wakanong'onezana kwamba yule dada mtu ana roho ngumu. Shangazi mmoja, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, alisikika mpaka barabarani.

Mwenyewe hakubisha. Alikuwa akijitafuta ndani na haoni kitu. Asubuhi aliamka, akapiga mswaki, akaenda kwenye chumba cha kufulia cha hoteli anakofanya kazi, akasimama kwenye meza yake na kunyoosha mashuka mpaka saa ya kutoka. Mvuke ulimpanda usoni, akaufuta kwa mkono wa nguo. Miaka ya pasi ilikuwa imempa viganja vigumu, vya kushika sufuria ya moto bila kitambaa, na wenzake walizoea kumtania kwamba siku akidungwa sindano mkononi, itakayolia ni sindano. Sasa aliona ganzi ile ya viganjani imepanda mpaka kifuani na kutulia huko kama mpangaji asiye na mpango wa kuhama.

Maneno ya mashangazi hayakumnyima usingizi. La mama yake lilimnyima. Watu walipokwisha kutawanyika, mama alimkuta jikoni anakausha vikombe, akamtazama weee, kisha akasema taratibu, bila hata hasira, "Kumbe hukumpenda." Akarudi chumbani kwake. Tangu siku hiyo mama na mwana waliishi kwa salamu na "chakula kiko tayari".

Na mpiga pasi, kila alipoiegesha pasi ili akunjue shuka jingine, alijiuliza kama mama hakusema kweli. Alijaribu kumkumbuka mdogo wake kusudi alie. Alimkumbuka vizuri tu: fundi wa friji, mrefu, mwembamba, aliyeitwa Bonge kwa sababu utotoni alikuwa na mashavu, na alipokonda jina likakataa kukonda naye. Aliikumbuka homa iliyomwangusha kazini, haikumpa hata nafasi ya kuaga. Ila sauti yake haikumjia. Maneno yake aliyakumbuka, dada nikopeshe chaja, dada umepika nini, lakini yalikuwa maneno matupu, hayana mtu ndani.

Jumapili moja mchana mjomba wao akatokea mlangoni na deki ya video kwapani, nyaya zinaburuta. Alikuwa mpiga picha za harusi wa enzi za kamera ya kubeba begani, na siku hizo alikuwa anahama studio yake. Katika kupekuapekua makabati alikuwa ameokota kitu.

"Nimekutana na Babu Kizibo," alisema kabla hajakaribishwa.

Mpiga pasi alisimama na ufagio mkononi. "Nani?"

"We! Babu Kizibo umemsahau? Mlikuwa hamwogi mpaka kwanza Babu Kizibo aishe!"

Hakuwa amemsahau. Babu Kizibo alikuwa kikaragosi mzee mwenye pua ya kizibo cha chupa, aliyetoka kwenye televisheni kila Jumamosi alasiri. Alikuwa fundi wa kila kitu, na hakuna kitu kilichowahi kupona mikononi mwake. Aliishi na kuku aliyejiita daktari na chura mvivu aliyelala ndani ya kiatu. Na hakuna Jumamosi iliyopita bila kupoteza miwani. Aliisaka chini ya meza, akaisaka ndani ya birika, akamtoa chura kiatuni kwa matusi ya heshima, na miwani yenyewe imekaa juu ya kichwa chake. Mwishowe alisogea mpaka pua ikajaa kioo, akauliza, "Wajukuu zangu, miwani yangu iko wapi?" Kisha akanyamaza na kusubiri. Alisubiri kwelikweli, mkono sikioni. Watoto wa mtaa mzima walimjibu kwa pamoja, na ungepita nje saa hiyo ungedhani kuna bao limefungwa.

Televisheni ilipotangaza kwamba kipindi kinafika mwisho, Bonge alilia mpaka akatapika. Nyumbani hapakuwa na deki ya kurekodia. Mjomba akasema hilo ni dogo, niachieni mimi. Akaja na kamera yake ya harusi, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu mbele ya televisheni, na kumrekodi Babu Kizibo kama anavyomrekodi bibi harusi. Kanda ikakaa kwake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya kuichezea. Kwenda kuitazama wakawa wanaahidiwa tu, Jumapili hii, Jumapili ijayo, hadi wakakua.

"Tunaangalia mara moja," mjomba alionya, amepiga magoti nyuma ya televisheni anaunganisha nyaya. "Hii deki ina tabia ya kutafuna. Mambo ya rudisha nyuma, siahidi."

Mama alitoka chumbani kwa kusikia sauti ya kaka yake. Alikaa kwenye kochi, upande wa mbali na binti yake. Mpiga pasi akaegemeza ufagio ukutani na kukaa kwenye kiti cha mlangoni. Moyoni alijiwekea sharti moja: kama hili nalo litapita bila kumgusa, basi mama amesema kweli, na yeye ataacha kujitafuta.

Chenga zikajaa kioo. Halafu likatokea pazia.

Lilikuwa pazia lao la zamani, la maua. Kamera ikapanda nalo polepole mpaka juu, ikashuka nalo polepole mpaka chini. Ikaenda kwenye saa ya ukutani, ikaivuta karibu. Ikaenda kwenye kitambaa cha kufuma juu ya televisheni, ikakaa hapo.

"Hapo nilikuwa naweka mandhari," mjomba alijitetea.

"Mandhari ya pazia?" mama akauliza.

Mjomba akacheka peke yake. Kwenye kioo, sauti ya mjomba kijana ikaamrisha, "Haya, kimya sasa. Kamera hii ina masikio. Atakayeongea ataniharibia." Na sauti kali ya mtoto wa kike ikadakia, "Umesikia, Bonge? Ukiongea nakufinya!"

Mpiga pasi aliijua sauti hiyo. Alihisi mama amegeuza shingo kumtazama, naye hakugeuka. Isije ikawa ndiyo yote iliyobaki, aliwaza, mimi namtishia.

Babu Kizibo alitokea, mdogo kuliko alivyokuwa. Mstari mweusi ulimpanda usoni tangu kidevuni hadi kichwani, ukarudi chini kuanza upya. Fimbo iliyomwinua mkono ilionekana. Mara moja chura alipotokeza kiatuni, ilionekana hata saa ya mtu aliyemshika. Mpiga pasi alitazama yote hayo, akaona kwamba koti la Babu Kizibo lina mikunjo begani na hakuna aliyehangaika kulinyoosha. Ndicho alichokiona. Kuku alitoa dawa, chura alilala, na yeye alikaa mlangoni kama anasubiri kuitwa kwenye foleni.

Kichwa cha mtoto kikapita chini ya picha. Kilikuwa kimenyolewa, na kovu dogo kisogoni.

"Bonge," mama alisema. "Bonge wangu huyo!" Akaanza kulia, akijifuta kwa kiganja ili asipitwe na kitu.

Mpiga pasi alikiona kichwa. Lile kovu alilijua, Bonge alianguka kitandani wakirukaruka. Aliyajua yote. Hata koo basi, aliomba, hata koo liume kidogo. Koo halikuuma. Kichwa kikashuka, kikapotea.

Miwani ikapotea pia. Babu Kizibo akaisaka chini ya meza, akaisaka ndani ya birika, akamtoa chura kiatuni. Akasogea mpaka pua ikajaa kioo. "Wajukuu zangu," akasema, "leo ni mara ya mwisho nawasumbua. Miwani yangu iko wapi?"

Akaweka mkono sikioni, akasubiri.

"Kichwaa—" Sauti nyembamba ilianza, ikakatwa katikati. Ikabaki ngurumo ya mtu aliyezibwa mdomo, na miguu inapiga sakafu.

Kwa mbali, kutoka jikoni mwa siku ile, sauti ya mama ikafoka, "We! Toa mkono mdomoni mwa mwenzio, atakosa pumzi!"

"Anaharibu kanda!"

Babu Kizibo bado anasubiri. Halafu kanda ikapasuka kwa ukelele wa yule mtoto wa kike. "Aaaa! Mama! Bonge amenilamba! Amenilamba mkono!"

Mpiga pasi aliruka kwenye kiti. Kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshafuta kiganja kwenye gauni, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu. Kiganja kilikuwa kimelowa. Aliuhisi ulimi wa moto, wa kuteleza, umepita tangu kwenye kifundo mpaka vidoleni, na pumzi za mtoto zinatoka puani kwa vicheko. Akakitazama. Kilikuwa kikavu, kigumu, kilekile cha kazini.

Na kwenye kioo mtoto alikuwa anacheka. Alicheka kwa tumbo, akikoroma katikati, na cheko hilo lilikuja na mtu ndani yake. Akapiga kelele kwa sauti yote Mungu aliyompa, "Iko kichwani, Babu! Umeiweka kichwani!"

"Oo," akasema Babu Kizibo, akijipapasa. "Asante, mjukuu wangu."

Mpiga pasi alimpenda. Alimpenda mtoto yule kuliko kitu chochote alichowahi kukishika kwa mikono hii, na hayupo, na hatamlamba tena mtu. Jambo hilo lilimfikia lote kwa mara moja, likapanda kooni na sauti kubwa, naye akakumbuka kwamba kanda inapita mara moja tu na mama bado anasikiliza. Akajiziba mdomo kwa kiganja kilekile. Akakikandamiza. Mabega yakamtikisika, machozi yakampita kati ya vidole, na kwa ndani ikasikika ngurumo tu.

Kwenye televisheni Bonge alikuwa anamuaga Babu Kizibo kwa makelele. Mama aliinuka. Alipita mbele ya kioo bila kukitazama, akaja mpaka mlangoni, akamshika binti yake kifundo cha mkono.

"Achana na kanda," alisema. "Toa mkono mdomoni, mwanangu. Utakosa pumzi."

Akautoa.