Saa Moja na Dakika Arobaini na Sita

Desturi ya kuandikiana njiani aliianzisha Wangare mwenyewe, Januari ile ya mwaka wa 2008, ya fujo za uchaguzi, wakati barabara ya kutoka Molo ilikuwa imejaa mawe na magogo, na hakuna aliyejua nani amejificha nyuma ya gogo gani. Mwanawe Jamleck alikuwa dereva wa kanta, lori dogo la viazi. Viazi havijui siasa. Vikikaa ghalani vinaota, na mwenye gari alitaka vifike sokoni Nakuru hata kama dunia inaungua. Basi Wangare akamshika mwanawe mkono pale mlangoni, akamwambia, "Kila mji ukiupita, niandikie. Jina tu. Nikiona jina nitajua uko hai."

Jamleck akawa anaandika. Turi. Elburgon. Njoro. Nakuru. Majina manne, asubuhi baada ya asubuhi. Wangare aliachia masomo darasa la sita, lakini majina hayo aliyasoma kama mtu anayesoma Zaburi. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, imefungwa raba katikati kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea. Aliiweka kwenye mfuko wa aproni, na kila ilipotetemeka aliacha alichokuwa akifanya, awe anamenya viazi au anapalilia vitunguu, akafuta mikono, akasoma, akashusha pumzi.

Kisha wakubwa wa siasa wakapeana mikono, mawe yakaondolewa barabarani, waliokimbia wakaanza kurudi mmoja mmoja. Desturi ile haikuondoka pamoja na mawe. Hakuna aliyesema sasa basi. Jamleck alikuwa amezoea hata haviangalii vidole vyake. Kidole gumba kiliijua simu kama ulimi unavyoyajua meno. Na Wangare naye alikuwa amezoea. Jina likichelewa, kazi haimwendei.

Jumanne moja ya Septemba mwaka ule ule, ukungu ulilala mpaka kwenye ua. Jamleck aliondoka saa moja na robo, taa zikiwaka. Saa moja na nusu ikapita, Turi haikuja. Dakika kumi zaidi, kimya. Wangare akaivua miwani, akaivaa tena, akaandika: "Mbona huandiki? Uko wapi?" Maneno hayo machache yalimchukua muda mrefu, maana vitufe vilikuwa vimefutika herufi.

Haukupita muda jibu likaja. "Nimepita Turi mami usijali."

Akashusha pumzi, akarudi kukoroga uji.

Elburgon haikuja kabisa. Saa tatu Sue, mke wa Jamleck, aliingia uani akikimbia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kanta ilikuwa imegonga mtu wa baiskeli mbele kidogo ya Turi. Jamleck alikuwa mzima. Mwenye baiskeli alikufa papo hapo.

"Ni nani?" Wangare akauliza.

"Naftaly, mami. Naftaly wa maziwa."

Wangare akakaa chini pale pale, juu ya gunia la mbegu.

Naftaly alitoka ng'ambo ya reli. Kabla ya vita alikuwa analetea nusu ya kijiji maziwa, mitungi miwili ya plastiki ya bluu, mmoja kila upande wa gurudumu la nyuma, na hakuna siku aliyopima bila kutia nyongeza kidogo. Januari akapotea. Watu wa ng'ambo ile hawakuja huku, na wa huku hawakwenda kule. Mwezi wa sita ndipo kengele ya baiskeli yake iliposikika tena. Siku za kwanza alisimama kwenye reli tu, akapiga kengele, wenye sufuria wakaenda kumkuta. Wiki ya pili akavuka. Wa ng'ambo ile wa kwanza kuvuka alikuwa yeye, tena bila rungu wala panga, na maziwa tu.

*

Jamleck alirudi Alhamisi jioni kwa bondi, yaani dhamana ya polisi, na shati lile lile la Jumanne. Hakula. Alimngoja Sue atoke kwenda kuteka maji, kisha akasogeza kigoda karibu na mama yake.

"Nimewaambia ni ukungu," alisema. "Baiskeli iliingia barabarani ghafla, sikuiona."

"Iliingia ghafla?"

Jamleck akaangalia moto. "Mami, simu yangu niliitupa mtoni. Imebaki yako. Ile meseji, ifute."

Wangare alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Akaendelea kuchambua.

"Ikiwa ni ukungu, ni ajali," Jamleck akasema, sauti imeshuka. "Pengine watanipiga faini na kuninyang'anya leseni. Ikiwa ni simu, hiyo ni jela. Nina watoto wawili. Mami, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unafuta?"

"Ngoja nimalize maharagwe."

Hakufuta usiku huo, wala hakusema hatafuta. Ijumaa asubuhi alipofungua mlango aliona jirani anafunga godoro juu ya mkokoteni, na kitanda kikiwa kimefunguliwa vipande vipande kando ya ua. Akamwuliza kulikoni.

"Hujasikia, Mama Jamleck? Kule ng'ambo wanasema kijana wako alimlenga yule mtu. Nyumba yake iliungua Januari, sasa amelipiza. Wakimzika kesho, vijana wao watavuka reli. Mimi mara hii singoji kuona moshi."

Wangare akasimama na ndoo mkononi. Ni kweli, nyumba ya Jamleck iliungua. Ni kweli pia kwamba aliwahi kusema maneno mabaya mbele za watu, siku alipoona mabati yake yamekunjika kama karatasi. Nani angekuja sasa kuamini ukungu?

Mchana akaja afande wa trafiki, mwanamke mmoja mrefu aitwaye Achola, buti zimejaa matope. Alikubali chai, akaketi kwenye benchi la nje, kofia magotini.

"Mama, nitakwambia kinachonisumbua," alisema. "Pale barabarani hakuna alama ya breki. Hata ya urefu wa kidole. Ukungu ulikuwepo, ndiyo, lakini mtu akiingia mbele yako ghafla, mguu wenyewe unakanyaga. Huyu hakukanyaga mpaka alipokwisha kumgonga."

"Ndiyo sababu wanasema alimlenga?"

"Ndiyo sababu. Asiyefunga breki ni wawili, mama. Ni yule aliyekusudia, na ni yule ambaye hakuwa anaangalia barabara." Achola akapuliza chai. "Sheria ya kukataza simu kwenye usukani tunayo. Ushahidi ndio hatuna. Dereva akituona, anaitupa katikati ya mapaja, anatupungia mkono. Nimewakimbiza mpaka nimechoka. Simu ya kijana wako eti imepotea. Je, kuna mtu alikuwa anaongea naye asubuhi ile?"

Wangare alisikia simu imelala juu ya paja lake, ndani ya aproni, nzito kama jiwe la kusagia.

"Ajali iliripotiwa saa ngapi?" akauliza badala ya kujibu.

"Imeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio kituoni. Mpita njia alipiga saa moja na dakika arobaini na tisa. Anasema alisikia kishindo, akakimbia pale, akapiga."

Achola hakumsukuma. Alimaliza chai, akasuuza kikombe mwenyewe, akaondoka.

Wangare akaingia ndani, akafungua ujumbe ule. Chini yake iliandikwa saa: 07:46.

Sue alimkuta ameishika. Akafunga mlango kwa mgongo. "Mami, nakuomba. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni wewe ulimzaa."

"Nilimzaa," Wangare akasema. "Na ni mimi nilimwuliza uko wapi."

*

Jumamosi alivaa rinda lake la kanisani na sweta nzito, akavuka reli peke yake. Watu wa ng'ambo walikuwa wamejaa nyumbani kwa Naftaly, kaburi limeshachimbwa, udongo mwekundu umerundikwa kando. Vijana kama ishirini walisimama langoni.

"Huyu shosho anatafuta nini hapa?"

"Labda amekuja kuhesabu waliobaki!"

"Mwacheni apite," sauti ikasema kutoka ndani. Alikuwa Chepkemei, mjane wa Naftaly, leso imefungwa kiunoni, uso umevimba kwa kulia. Hakumkaribisha kiti. "Sema, Mama Jamleck. Pole nimeshapewa nyingi."

"Sikuleta pole peke yake." Wangare akatoa simu, akaondoa raba iliyoteleza juu ya kioo. "Nimeleta hii. Soma."

"Macho yangu hayaoni leo. Nisomee."

Vijana wakasogea. Wangare alisoma alichoandika yeye kwanza, halafu akasoma jibu, halafu akasoma saa.

Chepkemei akakaza fundo la leso kiunoni. "Kwa hivyo," akasema, "wakati Naftaly wangu anakufa, kijana wako alikuwa anakuambia usijali."

"Ndiyo."

"Nilikuwa najiambia alimlenga. Ningekuwa na mtu wa kumchukia. Anayekulenga angalau amekuona." Akajifuta uso na ncha ya leso. "Huyu hata hakumwona."

Kijana mmoja akapaza sauti. "Hiyo anaweza kuwa ameandika jana!"

"Tarehe iko hapa, mwanangu. Njoo uangalie."

Kijana akaja, akaangalia, akamrudishia simu kwa mikono miwili bila kujua kwamba anafanya hivyo.

"Polisi wameiona?" Chepkemei akauliza.

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Polisi hawakuwahi kuniletea maziwa."

Chepkemei akageuza uso, akaangalia kaburi. Alipogeuka tena sauti yake ilikuwa kavu. "Basi nisikilize. Ipeleke kituoni. Akijibu kwa sheria, hawa vijana nitawarudisha mashambani mimi mwenyewe. Lakini ukiifuta njiani, sitaweza kuwazuia. Na sitajaribu."

*

Jamleck alikuwa amesimama upande wao wa reli akimngoja. Mtu alikuwa amekwisha kumwambia alikokwenda mama yake. Walitembea pamoja, Jamleck mbele hatua mbili, mpaka njia panda ya kwenda mjini.

"Umenifunga, mami," akasema.

"Twende wote. Ukiipeleka wewe, ni mkono wako umeipeleka. Mimi sitaki kuipeleka nyuma ya mgongo wako."

"Na nikikataa?"

"Nitaipeleka huku unaniangalia."

Jamleck akasimama pale pale. Mkokoteni wa jirani mwingine ukapita kando yao, godoro juu, mtoto amelala juu ya godoro. Jamleck aliufuata kwa macho. Kisha akanyoosha mkono, na mama yake akamwekea simu kiganjani. Kituoni aliiweka mezani mbele ya Achola. "Haikuwa ukungu," akasema. "Nilikuwa naandika." Achola akavuta karatasi safi, akamwambia aanze tangu alipowasha gari.

Kesi haikuchukua muda, kwa kuwa alikiri. Hakimu aliuliza mara mbili kama anaelewa anachokikubali, na mara zote mbili akajibu ndiyo. Miaka mitatu. Sue alilia kwa sauti, akatolewa nje. Chepkemei alikuwa amekaa nyuma kabisa, na alipopita karibu na Wangare alisimama kidogo.

"Sijasamehe," akasema.

"Sijakuomba bado."

"Nilikuwa nataka ujue tu. Vijana wanachimba viazi." Akaenda zake.

Uani pa mahakama lori la magereza lilikuwa linanguruma, wafungwa wameshapakiwa, Jamleck akiwa miongoni mwao. Wangare alisogea amtazame kwa mara ya mwisho. Ndipo alipomwona dereva. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine umeshika simu juu ya paja, na kidole gumba kinakwenda. Lori likaanza kutambaa kuelekea langoni.

Wangare akatembea, wala hakukimbia, akasimama mbele ya bampa.

Breki zikalia. "Mathe! Unataka kufa? Toka hapo, tuna safari!"

"Weka simu kwanza."

"Ni bibi yangu, mama watoto, ananiuliza nitafika saa ngapi!"

"Basi mjibu sasa, gari likiwa limesimama. Mimi nitangoja."

Askari wawili wakacheka. Dereva akapiga honi, Wangare akabaki pale pale, kiganja kimewekwa juu ya boneti, akisikia injini inavyotetemeka hadi kwenye kiwiko. Achola akatoka kwenye kivuli cha ukuta, akaja akasimama kando ya dirisha. Akaitazama ile simu. Dereva akaacha kupiga honi. Akaandika alichokuwa anaandika mpaka mwisho, akatuma, akaizima simu, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko.

Wangare akaondoa mkono, akasogea kando. Lori likapita. Kwenye wavu wa nyuma vilishikilia vidole vya watu wengi, na hakuweza kujua vya Jamleck ni vipi.