Namba ya Mtu wa Karibu

Nilikagua kila kitu. Leseni ya daktari niliitafuta kwenye tovuti ya baraza la madaktari la nchi niliyoendea upasuaji, si kwenye tangazo lake. Niliuliza nani anatoa dawa ya usingizi, na kama chumba cha wagonjwa mahututi kimo ndani ya kliniki hiyo hiyo. Kliniki ya kwanza walinijibu kwa picha za matumbo ya wasichana, nikaachana nao. Hii ya pili walinitumia karatasi sita na onyo kwamba nisipande ndege ya kurudi kabla ya siku kumi na nne, damu isije ikaganda miguuni. Nikawaamini.

Nina stashahada ya usalama kazini na miaka kumi na tisa katika kiwanda cha plastiki. Kukagua ndiyo kazi yangu.

Tumbo lilibaki tangu mtoto wa tatu. Nilipopunguza kilo ishirini na mbili, ngozi ikashuka kama pazia lililong'oka upande mmoja, na chini yake vidonda vya jasho visivyopona. Hayo nilimwandikia daktari, nikiomba ngozi hiyo ikatwe. Sikumwandikia kwamba mhasibu mpya alinipisha kiti akaniuliza natarajia kujifungua lini.

Nyumbani niliaga naenda semina ya wiki tatu. Miaka yote nimemkataza binti yangu mkubwa kubandika kope, nikimwambia mtu mwenye akili hahangaiki na sura. Ningeanzia wapi kumweleza?

Asubuhi ya upasuaji nilivaa lile gauni linaloacha mgongo nje, nikakaa kitandani. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alisoma fomu yangu mstari kwa mstari.

"Mtu wa karibu ni dada yako?"

"Ndiyo."

"Huwa tunampigia kabla hujaingia."

Hilo halikuwemo kwenye karatasi sita. Akabonyeza namba. Mkoba wangu ukaanza kulia. Tukautazama wote wawili.

"Dada yuko humo?"

"Ni laini yangu ya pili."

"Ukizidiwa huko ndani, niongee na mkoba?"

"Mimi ni mtu mzima, nesi. Najisimamia."

"Unajisimamia ukiwa macho. Kazi yako nini, mama?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ambacho hakuuliza: kwamba kiwandani kwetu hakuna fundi anayeingia ndani ya tangi kusafisha bila mwenzake kukaa mlangoni, na kwamba niliwahi kumsimamisha mtu kazi kwa kosa hilo.

Akafunga faili. "Basi tunaelewana. Daktari ana mgonjwa mwingine kwanza. Una saa moja."

Nilipitia majina yote kwenye simu. Mafundi, wauza glovu, walimu wa watoto, watu wanaonitafuta kitu kikiharibika. Nilirudia mara mbili nikitafuta mtu mmoja ambaye ningemwambia niko wapi bila kujitetea kwanza. Namba ya marehemu mume wangu bado ipo. Hiyo niliipita haraka.

Akabaki wifi yangu, dada wa marehemu. Ana saluni, na mdomo wake hauna breki. Habari ikiingia kwake asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Lakini simu anapokea, hata kama ana kichwa cha mteja mikononi.

"Mama semina," akaitikia.

"Siko semina." Nikamweleza kwa sentensi nne.

Nilisikia draya ikizimwa.

"Tumbo," akasema.

"Tumbo."

"Mwanamke wewe. Mimi nilidhani umepata mwanamume."

"Ningekuwa na mwanamume ningekupigia wewe?"

Alicheka, kisha akaacha. "Nani yuko na wewe hapo?"

"Nesi."

"Nesi analipwa. Nimeuliza nani yuko na wewe."

Ukutani kulikuwa na bango la jinsi ya kunawa mikono. Nililisoma lote.

"Wape namba yangu," akasema.

"Na usimwambie mtu."

"Mimi?"

"Wewe."

Nilipozinduka, nesi aliniambia wifi amepiga mara tano. Mara ya tano aliomba simu iwekwe karibu na pua yangu asikie napumua.

Siku ya tatu nilihamia nyumba ya wageni mkabala na hospitali. Natembea nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Korido ina hatua arobaini na moja kwenda, na daktari anataka niizunguke kila saa. Mkanda unabana, mrija wa kutoa majimaji unaning'inia kiunoni, na kushuka kitandani nashika kona ya kabati. Kabati haliniambii pole.

Kila simu ilipoita nilidhani watoto wameshajua. Niseme ukweli: nilikuwa naungoja ule mdomo wa wifi ufanye kazi yake.

Siku ya sita binti yangu alipiga. "Mama, semina vipi?"

"Inaenda."

"Mbona sauti ndogo?"

"Kiyoyozi."

"Haya, usisahau kula."

Akakata. Hakujua lolote. Nikampigia wifi.

"Hujawaambia."

"Si ulinikataza?"

"Nilikukataza."

"Wateja wananiuliza kama nina jino bovu. Sijawahi kunyamaza hivi tangu nizaliwe."

"Basi waambie."

"Hapana, wifi. Nikisema mimi itakuwa umbea. Unataka mwanao akuulize umeamkaje, lakini hutaki kumwambia kwa nini akuulize. Mpigie."

"Atanicheka."

"Atakucheka, ndiyo. Kope alizozikosa ni nyingi. Mpigie."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikakumbatia mto tumboni kama nesi alivyonifundisha, maana hata kuongea kwa nguvu kunavuta mshono. Simu iliita mara mbili.

"Mama, umesahau nini?"

"Keti kwanza," nikamwambia. "Siko semina. Nimepasuliwa tumbo kwa hiari yangu, naendelea vizuri, na niko peke yangu."