Kiuno cha Mkuu

Nilitaja kiuno cha Rais kwa sauti, mbele ya makamanda wake watatu. Kosa lenyewe ndilo hilo.

Fundi cherehani hupima huku anataja, mwingine anaandika. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo aliyeandika ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Miaka ishirini na miwili daftari ni lile lile, na nusu yake ni vipimo vya Mkuu. Nilimshonea nyota ya kwanza begani akiwa luteni usu, shingo kama ya kuku. Nikamwongezea nyota, nikazing'oa alipokuwa meja nikaweka nembo, nikashona upya alipokuwa kanali. Asubuhi aliyosoma redioni kwamba jeshi limeshika nchi, alikuwa amevaa suruali yangu. Alipenda kunitania kwamba vyeo nampandisha mimi, yeye anavaa tu.

Sasa alitaka kuvua gwanda agombee kura kama raia, basi tukaitwa ofisini kwake tumpimie suti. Makamanda walikuwa kwenye makochi wanakunywa chai. Joto lilikuwa kali, lakini Mkuu alikuwa na koti zito. Alipolivua nilipitisha futi, na mdomo ukaenda wenyewe.

"Kiuno, ishirini na tisa."

Kalamu ya shemeji ikasimama. Akarudi ukurasa wa mwaka jana, akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwokoa mwenzake na aibu:

"Shemeji, pima tena. Hapa tuna thelathini na saba."

Vikombe vikatulia. Kamanda mmoja akamtazama mwenzake, kisha wote watatu wakatazama mkanda wa Mkuu, uliotobolewa matundu mapya kwa msumari. Mkuu akaniwekea mkono begani.

"Fundi," akasema taratibu, "miaka yote umenipandisha. Leo umenishusha."

Walinzi walichukua daftari pamoja na aliyeliandika. Mimi niliachwa kwa kuwa suti ilikuwa haijashonwa.

Siku ya tisa wale watatu wakasoma tangazo lao redioni. Mkuu, walisema, amepumzika kwa sababu za afya. Hapo hawakudanganya. Alipokufa alizikwa na suti yangu, na kabla ya kuipeleka niliipunguza tena kiuno.

Hesabu yangu ni fupi. Daftari moja. Shemeji mmoja, hajarudi. Mke ninaye, anapika, anafua, na huu ni mwaka wa nne hajanisemesha.