Gololi ya Sita

Baba ameandika sheria yake ukutani mwa gereji yake kwa rangi nyekundu, juu ya benchi la giaboksi: GARI HALINA KOSA, KOSA NI LA FUNDI. Nimeisoma tangu nina miaka tisa, nikimshikia tochi. Miaka ishirini na mbili ikapita, na benchi bado lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nafunga breki tu.

Mama Matofali, mteja wetu anayeuza matofali, alipoleta pikapu yake na seti mpya ya kuboresha giaboksi ya otomatiki, baba alikiri kwamba mikono yake siku hizi inatetemeka. "Ifunge wewe," akaniambia. "Ikipanda mlima na mzigo, benchi ni lako."

Sikungoja kuambiwa mara mbili. Nilishusha sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, nikatoa bamba la vali, nikabadilisha springi. Karatasi ya maelekezo ilisema wazi: zikitoka gololi sita za chuma, zirudi tano tu. Ya sita nikaiweka kwenye kisosi. Nikafunga kila kitu, nikaenda kununua oili. Duka lilikuwa na foleni ya saa mbili.

Alasiri nikajaza oili, tukapakia matofali, mimi kwenye usukani, Mama Matofali katikati, baba dirishani. Katikati ya mlima giaboksi ikaachia gia ya pili, ya tatu isishike. Injini ikapiga kelele za bure, tukaanza kurudi nyuma na matofali yetu. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili.

"Si nilisema nataka mzee mwenyewe aifunge?" akasema Mama Matofali.

"Watoto wa siku hizi wana haraka," baba akamjibu.

Nilidhani kweli nimeharibu.

Tuliporudi gereji nikafungua tena, nikahesabu. Gololi sita. Ya sita ilikuwa imegandishwa kwa grisi ya njano, ile ambayo hakuna anayeigusa isipokuwa baba. Nikaangalia kisosi. Kitupu.

"Baba, umeirudisha wewe?"

"Niliikuta imebaki. Fundi habakizi kitu, mwanangu. Nikasema nikufichie aibu."

"Karatasi uliisoma?"

"Mimi nimefungua giaboksi kabla karatasi hizo hazijaandikwa."

Saa mbili nzima alilala chini ya gari na mikono yake inayotetemeka, akashusha kazi yangu yote, lakini kuniuliza neno moja kulimshinda. Alinifichia aibu ambayo haikuwepo, kisha akanivika ya kwake mbele ya mteja. Nilimchukia, na sitasema vinginevyo kwa sababu ni mzazi.

Mama Matofali akaingia. "Haya, tatizo lilikuwa nini?"

Baba akafuta mikono iliyokuwa safi. "Unajua, mama, gari lenyewe ni la zamani..."

Nikamwekea baba gololi kiganjani, nikautazama ukuta. Naye akautazama.

"Kosa ni la fundi," akasema polepole.

"Fundi yupi?"

Baba akaifumbata gololi mkononi, akainama, na kwa kidevu akanionyesha mimi.

Nilifunga tena kwa gololi tano. Pikapu ikapanda mlima na matofali yote, ikibadilisha gia bila hata kushtuka. Niliporudi, baba alikuwa ameniwekea funguo za kabati la benchi juu ya kiti changu. Nikazitundika kwenye msumari, chini ya maandishi yake, nikakusanya spana zangu, nikaondoka.