Waya Mbili Mkobani

Mwaka hamsini na tano simu ya Makambako kwenda Njombe ilififia, sauti ikawa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Wakamkamata Nahumu, fundi wa waya mwenzangu. Ati kalegeza maungio makusudi. Hujuma; ikithibitika, jela miezi sita.

Kosa mimi nililijua. Kwenye rola mpya ya waya kulikuwa na kibao: shaba ya mabomba, imetiwa fosforasi. Bei rahisi hiyo, na umeme huipita kwa shida! Mzungu wa stoo aliyeinunua hakuguswa.

Nikaenda kwenye baraza la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Njombe, na mkoba: vipande viwili vya waya, urefu mmoja, unene mmoja, cha zamani na kipya; betri; mita ya karakana. Unga cha zamani, mshale unapanda. Unga kipya, unashuka. Basi.

Mkoba sikuufungua. Miaka minne nimesoma vitabu vya posta kwa kibatari, leo mzungu ameketi ananisikiliza. Nikahubiri! Nikasema chembe ya fosforasi ina chaji iliyozidi ya shaba, kwa hiyo elektroni za shaba huikimbilia, huizunguka, huisonga, mpaka aliye mbali asijue kama pana chaji.

Bwana Shauri akaweka kalamu chini. "Zinaifunika?"

"Naam. Kabisa."

"Basi haina nguvu tena. Waya ni nzima. Mwenye kosa ni fundi."

Wakacheka, hata karani Laurenti, Mbena mwenzangu. Damu ikanipanda. Badala ya kujibu nikamtukana mnunuzi na serikali yake. Askari wakanitupa nje.

Jibu likanijia huko kwenye ukungu: kufunikwa si kuondolewa. Aliye mbali haoni kitu, lakini kila elektroni inayopita karibu hujikwaa pale pale, na umeme ni hizo hizo zipitazo. Nikarudi mlangoni. Askari akanisukuma.

Nahumu akatolewa na pingu. "Kamwene, kaka," akanisalimu, kama tumekutana sokoni. Akautazama mkoba. "Mita umekuja nayo?"

"Ninayo."

"Ungeiunga tu. Hata mke wangu Tabea angeelewa, sembuse mzungu."

Kichomi kilimuua jela, mwezi wa nne wa kifungo. Mwezi uliofuata wakabadilisha waya yote, kimya kimya.

Nikaenda kwa Tabea, nikaunga mita mbele yake. Mshale ukapanda. Ukashuka.

"Nimeona, shemeji," akasema. "Sasa ondoa vitu vyako mezani."