Kigingi Kilichochipua

Ukuta wa chumba cha nyuma kwa Mama Ngusa ulianza kupasuka kiangazi cha mwaka juzi, na mtaa mzima tulikuwa na jibu kabla hata ya kuulizwa. Ni mgodi. Sisi huku upande wa Bugarama, baruti zikilipuliwa vyombo hucheza kabatini, kwa hiyo ufa ukitokea hata kwenye kisigino, ni mgodi. Tukamshauri asizibe.

"Ukipiga plasta umejimaliza," Philomena muuza dagaa alimwambia. "Wathamini wa fidia wakija wataona nini?"

Basi ufa ukaachwa uwe ushahidi, ukalindwa kuliko ng'ombe. Wajukuu walikatazwa hata kuuchokonoa. Masika ulipofumba wenyewe, Philomena akasema mgodi umeona aibu. Kiangazi kilichofuata ukafunguka tena, safari hii mkono unaingia.

Mkuyu uliosimama nyuma ya ukuta huo hakuna aliyetaka kuutaja.

Ngusa alikuwa kifungua mimba wa yule mama. Alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo huko Geita, na mwili haukupatikana. Nyumba aliijenga yeye, matofali ya kuchoma na bati la rangi, na ndiyo kwanza alikuwa amemhamishia mama yake. Kwa vile mtu hawezi kuachwa hivi hivi bila kaburi, wazee wakazika nguo zake, suruali, shati na koti la kazini, chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala. Upande wa kichwani wakachomeka kigingi kibichi cha mkuyu ili pajulikane. Ilikuwa masika. Kigingi kikachipua.

Msiba mzima Mama Ngusa hakuwa ametoa chozi. Tulidhani ameganda. Siku moja nikamkuta anakimwagilia kile kigingi kwa kikombe cha chai.

"Amenijibu, Mama Abel," aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa umbea mtamu.

Tangu hapo kila asubuhi alisimama pale akamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, akampa habari zote, nani kaolewa, nani kafumaniwa, nani kauza ng'ombe wa watu. Mara nyingi nilifika na habari moto nikakuta mkuyu umeshaambiwa. Miaka ikapita, mti ukakua, ukalifunika bati lote la nyuma.

Mwishoni mwa kiangazi kile, kipande cha ukuta kikaangukia kitanda wanacholala watoto wa Ritha, binti yake. Bahati watoto walikuwa uani wanakula. Ritha hakuomba ruhusa ya mtu, akamleta fundi Benjamini kutoka Kahama. Fundi akafukua kidogo pembeni ya msingi, akatuonyesha mzizi mnene kama paja umepita chini yake kwenda chumbani.

"Huu udongo wenu mweusi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa," alisema. "Mti unayafyonza maji yote chini ya msingi, ukuta unabaki umekaa hewani. Ukate mti, mama."

"Mti haukatwi."

"Basi tukate mizizi. Tuchimbe mtaro kati ya mti na nyumba, wa kimo cha mtu, tumwage zege ili isirudi."

"Hapo kati amelala mtu."

Fundi akanitazama mimi. Nikamweleza. Akavua kofia.

"Mama, zile ni nguo," Ritha alisema. "Wanangu ndio watu."

Nilidhani mama atamzaba kofi. Badala yake aliugeukia ule ufa. "Nyumba kaijenga yeye," alisema mwishowe. "Sasa aibomoe yeye mwenyewe? Mwiteni Chacha. Asichimbe mgeni."

Chacha ndiye aliyekuwa akichimba na Ngusa. Siku duara lilipoanguka, zamu yake ilikuwa juu, kuvuta kamba. Siku hizi anaendesha bodaboda Kahama. Alikuja na sululu begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wanasema umekonda. Umekonda wapi, umenenepa."

"Mtaro hautamtosha huyo," Philomena akadakia.

"Nitapita kiubavu, dada."

Tukacheka, na mama akacheka. Nilikuwa nimechemsha chai ya birika kubwa, wanawake tumejaa kwenye mikeka, ungedhani ni harusi.

Chacha alichimba mpaka udongo ukamfika mabegani. Kisha sululu ikanyamaza. Akainama, akawa anafukua kwa vidole. Alichokitoa kilikuwa ukosi wa koti na mkono wake mmoja, mizizi midogo imejaa humo ndani mpaka mkono umetuna.

Mama Ngusa alisogea ukingoni.

"Kumbe kuchimba unajua," alisema.

Chacha akapangusa udongo kwenye ukosi.

"Hapa umefika. Kule mbona hamkufika?"

"Udongo ulikuwa bado unashuka, mama. Tulikatazwa. Walisema tutaongeza maiti."

"Ulimsikia?"

Mimi ninayependa habari kuliko chakula, nilitamani kuwa kwangu, mlango umefungwa.

"Nakuuliza, Chacha. Ulimsikia?"

"Nilimsikia." Alikuwa anaongea na udongo. "Alikuwa anagonga bomba la hewa. Anagonga, anapumzika, anagonga. Mpaka akaacha."

Mama Ngusa akakaa pale ukingoni, miguu inaning'inia mtaroni. Akapokea lile koti, akang'oa mzizi mmoja mmoja, akalikunja kama nguo iliyoanuliwa kambani.

"Kata mizizi yote," alimwambia fundi aliyekuwa akisimamia. "Huku hayupo. Nimekuwa nikiongea na mti, mwanangu yuko kule anagonga."

Ndipo alipolia.

Zege lilimwagwa kesho yake, ukuta ukaunganishwa, na umesimama hadi leo. Watoto wa Ritha wanalala humo. Lakini siku ile hakuna aliyekumbuka ukuta. Chacha alibaki ndani ya mtaro, hakuna aliyempa mkono apande. Philomena alifunga kanga kiunoni akaenda kukoleza moto. Kilio kilifika barabarani, watu wakaanza kuingia, wanawake na vitenge vyao, wanaume wakivua kofia getini, wakiuliza nani kafariki.

Tukawaambia ni Ngusa.