Sindano Ikiwa Chini

Katika nyumba yetu ya mtaa wa Rwambuzi ilitangazwa sheria, na aliyeitangaza ni mume wangu Ephraïm, mtu ambaye tangu anioe hajawahi kutangaza chochote. Sindano ikiwa chini, hakuna kutwanga. Hakuna kubamiza mlango, hakuna kuburuta kiti, na mimi Mbambu, mwenye nyumba, nitembee kwa ncha za vidole katika sebule yangu mwenyewe.

Sindano yenyewe ni ya gramafoni. Ephraïm ana santuri tele, rumba za zamani, alizozinunua mojamoja enzi alipokuwa akiuza vitenge sokoni. Vita vilipotukimbiza, wezi walibeba hata milango, lakini santuri na gramafoni vilikuwa vimefichwa juu ya dari na hakuna aliyewaza kutazama huko. Sasa binti yetu Aimée, ambaye ameolewa Lubumbashi, aliomba nyimbo hizo ziwekwe kwenye kompyuta ili watoto wake wazijue. Aliomba kwenye simu, labda kwa kuongeza maneno tu. Baba yake akaipokea kama amri ya mbinguni.

Nathanaël, anayetengeneza kompyuta karibu na soko, alituuzia mashine iliyokwisha kutumika. Akaunganisha waya kutoka kwenye gramafoni, akatuonyesha jinsi sauti inavyogeuka mistari ya buluu inayopanda na kushuka kwenye kioo. Kazi si ngumu, ila haina njia ya mkato. Wimbo wa dakika nne unarekodiwa kwa dakika nne, na muda wote huo sindano inataka utulivu. Kinu changu kiko uani, nyuma tu ya ukuta wa sebule. Nikishusha mchi, ardhi inatikisika, meza nayo inatikisika, sindano inaruka. Tena sindano hiyo ilikuwa ya mwisho. Nathanaël aliitafuta hadi Kampala.

"Mama, hii ikiisha, ingine haiko," aliniambia. "Ma-disque itabakia sahani ya kutilia ndizi."

Siku ya kwanza nilisahau. Niliupiga mchi mara moja tu.

"Mama Aimée! Sindano iko chini!" Ephraïm alikuwa ameiona sindano ikiruka, akatoa kichwa dirishani.

"Na weye utakula nini? Utakula muziki?"

"Nitakula kisha! Acha kwanza!"

Nikanuna, nikaacha. Jirani yetu Geneviève alichungulia juu ya ua akauliza kama kwetu kuna matanga, mbona kinu kimya hivyo. Nikamjibu kwamba mzee amerudi shule.

Lakini ukweli niuseme: chini ya kununa kwangu kulikuwa na furaha. Ephraïm alikuwa amebadilika. Zamani nikisema bati linavuja, yeye husema halivuji, na tunabishana mpaka mvua ije ituamue. Siku hizi nikisema neno, anatikisa kichwa na kujibu, "Ndiyo, mama." Bati linavuja? Ndiyo, mama. Shemeji yake ni mwongo? Ndiyo, mama. Nilisimama kanisani mbele ya akina mama wenzangu nikamshukuru Mungu kwa kunilainishia mume uzeeni, na wakanipigia makofi.

Jumamosi moja tulikuwa na wageni wa kanisa wanakuja kula. Nilichungulia dirishani nikamwona Ephraïm anafuta santuri kwa kitambaa, nikadhani bado yuko mbali na kuanza. Nikamwaga sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye kinu, nikatwanga. Baada ya kitambo nikasikia ndani mwimbaji anasema neno, anarudi, analisema tena, anarudi tena. Nikasimamisha mchi hewani na kungoja nigombezwe. Kimya. Nikaushusha tena, safari hii kwa nguvu na kwa makusudi. Kimya.

Niliingia na mikono yangu ya kijani. Ephraïm alikuwa amenipa mgongo, macho kwenye kioo cha kompyuta. Sindano ilikuwa imenasa kwenye ubeti wa kwanza, na mwimbaji alikuwa anarudia neno lile lile kama mtoto aliyekwama kwenye kusoma. Na mume wangu alikuwa anaimba polepole. Alikuwa amekwisha kufika kwenye kiitikio. Alikimaliza kiitikio, akaingia kwenye gitaa, vidole vyake vikicheza juu ya goti, akatabasamu mahali pale pale anapotabasamu siku zote. Santuri haikuwa imetoka kwenye ubeti wa kwanza.

"Papa Aimée," nikaita.

Hakugeuka.

"Ephraïm!"

Jina hilo silitumii ila kwenye hatari. Hakugeuka. Mistari ya buluu ilikuwa inapanda na kushuka vizuri kabisa, naye alikuwa ameikazia macho, ameridhika.

Zile ndiyo-mama zote zikanirudia kwa pamoja. Mungu hakuwa amenilainishia mtu. Mtu alikuwa hasikii, na alikuwa anatikisa kichwa ili nisijue. Nilirudi uani, nikakaa kando ya kinu, nikalia. Kisha nikakasirika, kwa sababu mimi huzuni haikai kwangu muda mrefu kabla ya kugeuka hasira. Watoto wote hawa nimemzalia, na anaweza kunificha masikio!

Kesho yake alibaki kanisani kwenye kikao cha wanaume. Nikaketi mbele ya kompyuta yake na kubonyeza nyimbo alizokwisha kuzirekodi. Nyingine zilikuwa safi mpaka nikajikuta natikisa bega. Nyingine zilinasa katikati, neno moja kutoka hapo mpaka mwisho. Mmoja ulikuwa mngurumo mtupu, maana waya ulikuwa umelegea. Na santuri moja ndogo alikuwa ameipiga kwa mwendo wa santuri kubwa, na mwimbaji wake, mama mwenye sauti nyembamba, akawa anaimba kama askari mwenye mafua. Ningecheka siku nyingine.

Basi nikaona shida yangu ilivyo. Nikinyamaza, sindano ya mwisho itaishia kwenye nyimbo zilizoharibika, na Aimée atafungua zawadi ya baba yake akute takataka. Nikisema, nitakuwa nimemwambia mwanaume huyu, ambaye furaha yake yote iko kwenye zile santuri, kwamba masikio yake yamekwisha na mimi nimeona. Sikujua lipi ni baya zaidi. Nilimpenda sana siku ile, na nilitamani kumpiga.

Jumatatu nikavuta kiti, nikakaa ubavuni mwake. Nikauweka uso wangu mbele ya uso wake.

"Nataka kusikiliza na weye."

"Weye? Haukusema hizi ni kelele za balevi?"

"Nimeongoka."

Akacheka. Akaifuta santuri, akaiweka, akashusha sindano kwa ule mkono wake mwepesi ambao hata kumfunga mtoto nepi ulikuwa haumwamshi. Wimbo ukaanza vizuri. Kufika katikati, sindano ikanasa. Niliweka mkono juu ya goti lake nikalibana, nikaonyesha sindano kwa kidevu.

Akaitazama sindano. Akatazama mistari, ambayo bado ilikuwa inapanda na kushuka. Akanitazama mimi. Akanyanyua sindano taratibu, akafuta santuri upya, akaanza tena. Ilipofika pale pale ikanasa, nikalibana goti. Akanyanyua. Safari hii hakuirudisha.

"Umejua," akasema.

"Nimejua."

"Tangu siku gani?"

"Jumamosi. Nilitwanga sombe na haukunigombeza."

Akavua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha santuri, akaendelea kuifuta ilipokuwa imekwisha kutakata.

"Juu ya nini haukuniambia?" nikauliza. Sauti yangu ilipanda, na machozi yalikuwa yanakuja, na sikuyazuia. "Miye ni mugeni mu hii nyumba? Juu ya nini, Papa Aimée?"

Alikuwa anauangalia mdomo wangu. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa muda mrefu amekuwa akiuangalia, na mimi nilidhani ni mapenzi.

"Papa yangu, masikio yake ilikufa wakati siye tulikuwa tungali batoto," akasema. "Batu habakumuchukia. Balichoka tu kurudilia maneno. Kufika mwisho, mu nyumba yote, balikuwa banamuambia tu: kuja, kula, lala. Alikaa vile kati yetu mpaka akakufa, na hakuna mutu alimupatia habari hata moja. Hata ndoa ya dada yangu, alishangaa kuona batu banaingia na mangoma." Akarudisha miwani usoni. "Sasa weye, Mama Aimée, unasemaka sana."

"Miye nasemaka sana?"

"Sana. Njo maana naogopa. Siku moja utachoka, utaacha."

Katika ndoa hii nimeambiwa maneno mengi, mengine matamu, mengine ya kutupiwa sufuria. Hakuna lililowahi kuniingia kama hilo. Niliitazama santuri inazunguka bure. Kisha nikakigeuza kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana.

"Shusha sindano," nikamwambia polepole, nikilifungua kila neno. "Mikono yako. Masikio yangu."

Akashusha. Nikasikiliza mwanzo mpaka pale palipokuwa panasumbua, sindano ikapita. Nikamwonyesha kidole gumba. Akapumua kwa nguvu, na mabega yake yakashuka.

Sauti za chumbani haziingii kwenye waya, Nathanaël alikwisha kutueleza. Kwa hiyo wimbo ulipokuwa unaendelea, nikaanza kusema. Nilimwambia kwamba mtoto wa kwanza wa Geneviève amerudi kutoka Nizi na msichana, hakuaga, hakuuliza, kamleta tu na begi lake. Nikamwambia kwamba msichana mwenyewe anaitwa Chancelle, kwamba ana adabu, kwamba asubuhi ya kwanza aliamka kabla ya kuku akafagia ua mzima. Nikamwambia kwamba Geneviève, badala ya kushukuru, alificha chumvi yote chini ya kitanda ili aone binti wa watu atapika nini. Nilikuwa nasema kwa mdomo mpana, kwa mikono, kwa nyusi, na macho ya Ephraïm hayakubanduka kwangu. Kusema hivyo kunachosha kuliko kutwanga. Taya ziliuma, koo likakauka. Nikanyamaza kidogo nimeze mate, nikageuka kuitazama sindano kama inakwenda vizuri. Ilikuwa inakwenda vizuri.

Nikahisi ananivuta mkono.

"Na kisha?" akauliza.